Viganja Vinavyolowa



Hapa Kakamega salamu ni mkono. Ukifika matangani, iwe Shinyalu au Malava, huwezi kusema pole kwa mbali ukaketi. Unaanza na wazee waliokaa chini ya hema, unampa kila mmoja mkono hadi mstari uishe, kisha unageukia upande wa kina mama. Wengi hufanya hivyo bila kuwaza lolote. Mimi huanza kuwaza nikiwa bado kwenye matatu. Napangusa viganja kwenye suruali, naficha hanchifu ndani ya ngumi, lakini nikifika mbele ya mzee wa kwanza mkono umelowa chapachapa, kana kwamba nimetoka kunawa sasa hivi.

Nimeishi hivi tangu darasa la tatu, na joto silo la kulaumiwa. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Julai watoto huenda shuleni wamejikunyata ndani ya sweta, na hata asubuhi hizo viganja vyangu vilichuruzika. Nilipofanya mtihani wa KCPE tulionywa tusichafue wala tusikunje karatasi ya majibu, kwa kuwa ingesomwa na mashine. Yangu ilikuwa imelegea pembeni kabla sijafika swali la kumi. Msimamizi akaitazama mikono yangu, akaniuliza ninaficha nini.

Swali lile sijalisahau, na ndilo lililonileta mbele ya maikrofoni leo. Kiswahili husema mtu ametokwa na kijasho chembamba, na kila asikiaye huelewa kwamba ameogopa au amebanwa. Jasho la shambani tunaliheshimu. Tunamsifu mtu kwa kula jasho lake. Jasho la kiganja tunaligeuza ushahidi. Ndiyo maana kijana anayelowa mikono kwenye usaili wa kazi huonekana mwongo, na binti anayelowa makwapa kanisani hudhaniwa hajaoga, hata kama ameoga mara mbili tangu alfajiri. Namna hii ya kuwahukumu watu inaniuma, kwa sababu haina msingi wowote.

Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na zimesongamana zaidi viganjani na kwenye nyayo. Zinaamrishwa na mishipa ya fahamu ambayo hatuiongozi kwa hiari yetu. Kwa baadhi yetu mishipa hiyo hutoa amri kupita kiasi, ingawa tezi zenyewe hazina kasoro. Madaktari huiita hali hii haipahidrosisi. Mara nyingi huanza utotoni au wakati wa kubalehe, hushika mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, na si ajabu kumkuta mwingine katika ukoo aliye nayo. Wasiwasi huizidisha, sikatai. Lakini mtu akilala, jasho hilo hukatika. Mama yangu aliligundua jambo hilo kabla ya daktari yeyote: alikuja kunifunika blanketi usiku, akanigusa viganja, akavikuta vikavu.

Tiba ipo, na ya kwanza haihitaji kisu wala sindano. Watu wa Pwani hujipaka shabu makwapani, lile jiwe jeupe ambalo ni chumvi yenye alumini. Dawa ya hospitali iko katika ukoo huohuo: kloridi ya alumini, mara nyingi ya nguvu ya asilimia 20. Huziba vijitundu vya jasho kwa muda. Siri yake ni saa ya kuipaka. Paka usiku unapokwenda kulala, ngozi ikiwa kavu kabisa, kisha nawa asubuhi. Ukiipaka kwenye ngozi yenye maji itakuwasha na kukuchoma, nawe utaitupa ukisema haifai, kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza. Na unaponunua rolioni dukani, usinuse tu. Zipo zinazofunika harufu na zipo zinazopunguza jasho. Hizi za pili ndizo zenye alumini, na imeandikwa kwenye kibandiko.

Dawa hiyo ikishindwa, iko mashine inayopitisha umeme hafifu kwenye maji uliyotia mikono, dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki. Usijaribu kujitengenezea nyumbani. Sindano za Botox ziliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa jasho la makwapa. Nafuu yake hudumu miezi sita hivi, kisha unarudi tena na pesa mkononi. Kuna vidonge kama oksibutinini, ambavyo hukausha hata kinywa. Kwa mkata miwa anayeshinda juani vidonge hivyo vina hatari, maana jasho ndilo linalompoza. Upasuaji wa kukata mishipa kifuani mimi ningeuweka mwisho kabisa: mikono hukauka, lakini jasho laweza kuhamia mgongoni na mapajani, na mshipa uliokatwa haurudi.

Hapa sikiliza vizuri. Jasho linaloanza ukubwani, la mwili mzima, linalolowesha shuka usiku, ni jambo jingine kabisa. Likija pamoja na kikohozi na kukonda, nenda ukapimwe kifua kikuu. Katika hospitali za umma hapa Kenya matibabu yake ni bure. Linaweza pia kuwa malaria, UKIMWI, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au sukari iliyoshuka kwa anayetumia dawa za kisukari. Jasho la ghafla lenye maumivu ya kifua halingoji kesho.

Machi 2020, korona ilipoingia nchini, tulikatazwa kupeana mikono. Nilifarijika, halafu nikaona haya, kwa kuwa watu walikuwa wanakufa. Siku hizo ndipo nilipotambua ni miaka mingapi nilikuwa nimejifungia, na ni matanga mangapi nilifika nikasimama nyuma ya migomba hadi salamu ziishe. Nilikwenda kituo cha afya mwaka uliofuata. Afisa wa kliniki hakucheka. Alinishika mkono, akaugeuza, akaniuliza jasho lilianza lini.

Kama una mtoto ambaye daftari lake hurudi nyumbani limelowa na wino umetapakaa, usimgombeze jioni hii. Ngoja alale, umguse viganja. Ukivikuta vikavu, mwambie asubuhi ulichokiona, halafu mwende naye kituo cha afya.