Suheli na Wauza Nyota

Msikilizaji, kama uko pwani ya Afrika Mashariki na mbingu ni safi, toka nje usiku wa leo, saa tatu na ushei. Februari ni mwezi mzuri kwa kazi hii. Upe mgongo upande wa kaskazini, utazame kusini, kiasi cha nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Utaona nyota nyeupe, kubwa, iliyokaa kama haina mshindani upande ule wote. Ndiyo Suheli, ambayo Wazungu huiita Canopus. Kwa mng'aro ni ya pili katika anga la usiku. Ya kwanza, Sirius, utaiona juu yake, karibu na utosi.

Lakini Sirius inashinda kwa ujirani tu, maana iko mbali nasi kwa miaka ya nuru isiyofika hata tisa. Suheli iko umbali wa miaka ya nuru 310 hivi. Mwanga utakaoingia jichoni mwako leo ulianza safari mwanzoni mwa karne ya 18, miaka michache baada ya Waomani kuwang'oa Wareno katika Ngome ya Yesu pale Mombasa, mwaka 1698. Upana wake ni zaidi ya mara 70 ya jua letu, na nuru inayomwaga inapita ile ya jua mara 10,000 na zaidi. Ukiichukua Sirius ukaiweka pale ilipo Suheli, jicho tupu litaipata kwa taabu sana.

Sasa jina. Wagiriki husimulia kwamba Canopus alikuwa rubani wa jahazi la mfalme Menelaus, na kwamba alifia Misri wakirudi kutoka vita vya Troy. Mji mmoja karibu na Aleksandria ukachukua jina lake, na nyota nayo ikalichukua. Waarabu wana kisa kizito zaidi: Suheli alimwoa Jauza, kundi lile la nyota lenye tatu zilizopangana mstari mmoja, akamuua, kisha akatorokea kusini. Dada yake mmoja, ndiye Sirius, alivuka mto wa nyota kumfuata. Mwingine alibaki ng'ambo akilia hadi macho yakaingia utando. Mimi kisa hiki hunipendeza kwa sababu kinakupa ramani. Ukikikumbuka, unajua Sirius iko upande gani wa mto ule mweupe, na unajua kwa nini Suheli yuko peke yake.

Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliketi kurasimisha majina ya nyota. Hii yetu ikaandikwa Canopus. Jina Suhail halikutupwa, bali lilipewa nyota nyingine hafifu zaidi, katika kundi liitwalo Tanga. Kisa chake ni cha zamani: Waarabu waliziita Suheli nyota kadhaa za kusini, na wengine walikuwa wakiona nyota fulani mbili zikichomoza mapema, wakaapa kwa Mungu kuwa ni yeye. Nyota hizo zikaitwa za kuapisha. Naona na hao wa mwaka 2016 waliapishwa vilevile.

Kuapa huko kulikuwa na sababu, kwani watu walikuwa wakiingoja kwa hamu. Huko Ghuba, joto la kiangazi likishapita digrii 40 na hewa ikawa nzito ya unyevu, wazee hungoja alfajiri ya Agosti, karibu na tarehe 24, Suheli ichomoze kusini mashariki kabla ya jua. Joto haliondoki siku hiyo, ila usiku unaanza kulegea. Kutoka hapo wanahesabu siku 53 hadi katikati ya Oktoba, ndipo uingie msimu wa Wasmi, ambao mvua zake ndizo zinazoamsha malisho jangwani. Hata Al-Kaaba ina habari na nyota hii. Wanazuoni wa zama za kati waliandika kuwa mhimili wake mrefu umeelekea machomozo ya Suheli, na vipimo vya karne ya 20 vikawaunga mkono.

Baharini ndiko ilikofanya kazi kubwa. Dira ya manahodha wa Bahari ya Hindi iligawanywa sehemu 32, na sehemu karibu zote zilipewa jina la nyota, upande mmoja inapochomoza, upande wa pili inapotua. Matuo ya Suheli yalikuwa kusini-kusini-magharibi, takriban mwelekeo wa chombo kinachoshuka kutoka Pembe ya Afrika kuja Kilwa. Ahmad ibn Majid, mtu wa Julfar katika karne ya 15, alitunga shairi zima la kufundisha njia ya pwani hii hadi Sofala, kwa vipimo vya nyota na vituo vya bandari. Najua kuna anayenong'ona kwamba huyu ndiye aliyempeleka Vasco da Gama Bara Hindi mwaka 1498. Waandishi wa Kireno wenyewe wanamtaja rubani wa Kigujarati, na wanahistoria wengi leo hawalikubali dai hilo. Heshima ya Ibn Majid hailihitaji. Mabaharia wetu nao walilichukua jina, na chombo kikielekea suheli, kinakwenda kusini.

Huko nyuma zaidi, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, msomi wa Kigiriki Posidonius aliitumia nyota hii kuipima dunia. Aliambiwa kuwa ukiwa kisiwa cha Rhodes, Suheli hugusa tu upeo wa macho kisha ikazama, lakini ukishuka Aleksandria unaiona imepanda sehemu moja ya 48 ya duara. Umbali kati ya sehemu hizo mbili alihesabu kuwa stadia 5,000, kwa kipimo cha Wagiriki. Akazidisha mara 48, akapata mzunguko wa dunia kuwa stadia 240,000. Vipimo alivyopewa vilikuwa na kasoro, maana tofauti ya kweli ya kimo haifiki hata digrii sita. Njia yenyewe haikuwa na kasoro.

Nimeacha wanajimu hadi mwisho kwa makusudi. Ptolemy wa Aleksandria aliandika kuwa nyota zing'aazo za kundi la jahazi, ambamo Suheli ndiyo kinara, zina tabia ya Zohali na Mshtarii. Vitabu vya Ulaya vya karne iliyopita vikaongeza uchamungu, elimu pana na safari. Vinaiweka katika buruji ya Kaa, karibu na digrii ya 15. Hapo ndipo penye vichekesho. Buruji zote 12 zimefuata njia ya jua, na Suheli iko kusini mwa njia hiyo kwa digrii 76 hivi. Jua, mwezi na sayari havijawahi kuipitia hata karibu.

Na umbali huohuo ndio uliowafurahisha mafundi wa Marekani. Mwaka 1964 waliporusha chombo cha Mariner 4 kwenda Mirihi, walihitaji nyota ya kukishika kisiyumbe: yenye mng'aro wa kutosha, na iliyo mbali na jua ili kifaa cha kuitazama kisipofuke. Wakachagua Suheli. Kwanza kifaa kile kilinasa nyota nyingine, kikarekebishwa kutoka duniani, kikaipata ile ya kweli. Julai 1965 picha za Mirihi zikafika.

Huku kwetu, nguzo za umeme zimejaa matangazo ya kusafisha nyota. Namba ya simu iko pale, bei utaambiwa ukifika. Sijaona tangazo hata moja linalosema nyota hiyo inachomoza saa ngapi na inatua upande gani. Basi anayetaka pesa yako kusafisha nyota yako, mtoe nje usiku, umwambie akuonyeshe ni ipi. Akisingizia mawingu, rudisha pesa yako mfukoni.