Tulimwita Mwizi, Kumbe Ni Kusahau

Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Mosocho



Wazee wetu, akina mama, vijana, na ninyi viongozi wa vikundi mlioacha majani chai shambani mkaja kutusikiliza, asanteni. Leo hatukuja kuongea juu ya ndizi wala mbuzi wa maziwa. Tumekuja kuongea juu ya yule mwenzetu ambaye kila kikundi kinaye. Anafika mkutanoni wakati wa sala ya kufunga. Anainua mkono kwa kila kazi na hamalizi hata moja. Anamkatiza mwenyekiti maneno. Kitabu chake cha akiba kimepotea mara tatu mwaka huu. Naona mnacheka. Basi mnamjua.

Sisi wa ofisi ya maendeleo tuliitwa mwaka fulani kukagua vitabu vya kikundi kimoja. Hatutakitaja, maana kosa kubwa lilikuwa letu. Shilingi 4,300 hazikuonekana. Mweka hazina alikuwa mama mchangamfu, mtu wa kwanza kufika penye matanga, na ndiye aliyewakusanya wenzake mpaka kikundi kikaanza. Tulipomwuliza pesa ziko wapi alisema, "Nilizitumia kwa kazi ya kikundi, lakini sikumbuki ni nini na nini." Nasi tukaandika kwenye ripoti kwamba amekula. Diploma tulikuwa nayo, kalamu nyekundu tulikuwa nayo, na swali la pili hatukuuliza. Akaondolewa. Watu wakaacha kumkopesha hata chumvi.

Baada ya miezi michache risiti zikaanza kujitokeza: moja ndani ya kitabu cha nyimbo, nyingine kwenye mfuko wa koti la mvua, nyingine chini ya gunia la mbolea. Zote pamoja zilifika shilingi 3,900. Zile 400 zilizobaki alilipa mwenyewe. Tulikwenda kumwomba msamaha mbele ya kikundi, kwa sababu ni mbele ya kikundi alikotukanwa.

Yeye mwenyewe alijua shida yake kupitia kwa mtoto. Kijana wake wa gredi ya nne alikuwa akipigwa kila wiki kwa kupoteza vitabu na sweta, mpaka mwalimu mmoja mwenye busara akasema apelekwe hospitali. Huko mama aliulizwa maswali mengi juu ya mtoto. Alijibu, akajibu, halafu akanyamaza. Akasema, "Daktari, hayo yote ni mimi."

Madaktari huiita ADHD, herufi nne za Kizungu. Sisi tuseme tu ni shida ya kutotulia na kutoshika mambo. Si ugonjwa wa juzi. Mwaka 1798 daktari Alexander Crichton wa Uskoti aliandika juu ya watu ambao fikira zao hurukia kila sauti, na mwaka 1902 George Still aliwahutubia madaktari wenzake huko London juu ya watoto wa namna hiyo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtoto akikua yanaisha. Leo inajulikana kuwa wengi huzeeka nayo. Kule kukimbiakimbia hupungua, lakini ndani mtu habaki kimya. Katika watu wazima 100, kama wawili au watatu wanayo. Wasichana hupitwa zaidi, kwa kuwa wengi hawasumbui darasani. Wanakaa kimya wakiota ndoto mchana.

Jambo linalowapotosha watu ni hili. Mtu huyo huyo asiyeweza kuandika risiti moja anaweza kukaa kutwa akichonga jiwe la Tabaka bila kukumbuka kula. Basi jamaa wanasema, "Si unaona? Akitaka anaweza." Hapana. Fikira zake hushikwa na kitu kipya, au kinachompendeza, au cha dharura. Jambo la kuchosha, hata likiwa la maana sana, halimshiki. Ni kama redio ambayo kifundo chake kinajizungusha chenyewe.

Mara nyingi hutembea katika ukoo. Si laana, wala mama yake hakumlea vibaya, wala hakurogwa. Neno hilo la kurogwa tulitupe kabisa. Tunajua lilitufikisha wapi: Oktoba 2021, hapo Marani, akina mama wazee wanne waliuawa kwa sababu yake.

Lakini msirudi nyumbani mkaanza kupimana. Shida hii huanza utotoni, kabla ya miaka 12, na huonekana kila mahali, si kwenye mkutano mnaoudharau tu. Mtu aliyeanza kusahau mwaka jana ana jambo lingine, labda upungufu wa damu, tezi ya shingo, kukosa usingizi, huzuni au pombe. Aanze zahanati, atapewa barua ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambayo kutoka hapa ni mwendo mfupi wa matatu. Dawa zipo na huwasaidia wengi, ila ni za kuandikiwa na daktari, si za kuazimana. Wengine hujitibu kwa miraa na changaa. Tumewaona, na madeni yao tumeyaona.

Sasa tufike kwetu. Mababu zetu walikuwa na egesangio. Leo shamba lako, kesho la jirani, wote mstari mmoja na majembe. Mtu ambaye peke yake hawezi kupalilia nusu saa bila kuondoka kwenda kuangalia kuku, akiwekwa katikati ya wenzake atapalilia mpaka jua lizame. Hakuna aliyemhubiria. Mwenzake wa kushoto na wa kulia ndio waliomshika. Hiyo ndiyo dawa ambayo vikundi vyenu vinayo tayari, na ajabu ni kwamba hivyo hivyo vikundi ndivyo vinavyomfukuza mtu huyu kwanza.

Yule mama hakurudishwa kuwa mweka hazina, na hakuomba. Siku hizi anauza ndizi za kikundi soko la Daraja Mbili, na kwa maneno ya sokoni hakuna anayemshinda. Pesa hazipiti mkononi mwake. Mnunuzi analipa kwa M-Pesa kwenye simu ya kikundi, na katibu anaandika hapo hapo. Risiti ana msumari ukutani, karibu na mlango. Karatasi inachomekwa kabla hajavua viatu. Kitabu chake cha akiba hulala ndani ya sanduku la kufuli tatu pamoja na vya wengine. Siku ya mkutano jirani humpitia. Shambani hupigiwa vigingi, anamaliza kutoka kigingi hadi kigingi ndipo anywe chai. Na bonasi ya chai ikiingia, yeye na mzee wake wamekubaliana: kitu cha zaidi ya shilingi 1,000 kinangoja usiku mmoja. Asubuhi, nusu ya vitu hivyo havitakiwi tena. (Sheria hiyo hata sisi wengine tungeichukua.)

Katika kikundi kimoja tuliulizwa, "Si mnawapa watu njia ya kukwepa kazi?" Swali zuri. Deni linabaki deni. Aliyechelewa alipe faini kama wengine. Lakini kumwambia kiwete akimbie ni kupoteza sauti, na kumwambia mtu huyu "jaribu kukumbuka" ni vivyo hivyo. Mpe msumari. Nanyi akina baba na akina mama, lile neno "umesahau tena?" wengi wameshalisikia tangu darasa la kwanza. Halijamsaidia yeyote.

Tutabaki chini ya mparachichi ule mpaka saa nane kwa mwenye swali la peke yake. Mama tuliyemsimulia ametupa ruhusa, na amekubali kuongea na yeyote anayejiona katika habari hii. Alisema atafika saa nne. Sasa ni saa tano, na jirani yake ameshakwenda kumchukua.