Gari Jipya au Lililotumika?



Wengi wetu tulio kazini Makindu, Kibwezi na Emali twataka gari. Reli yapita Makueni, lakini Kitui mjini haifiki, na mgonjwa aliye Mutomo hawezi kungojea gari moshi.

Gari jipya lina dhamana ya kiwanda, lakini thamani yake huanza kushuka mara litokapo dukani. Kwa mshahara wetu ni mkopo wa miaka mingi, na pengine shamba la watoto kuwekwa rehani. Hilo tusikubali.

Magari yaliyotumika, mengi hutoka Japani kupitia Mombasa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza lililozidi miaka 8. Lakini lile linalouzwa na jirani laweza kuwa na miaka 20.

Basi tufanye kama kazini: injini haipimwi kwa rangi. Tumlipe fundi wetu wenyewe, si wa muuzaji. Aiwashe injini ikiwa baridi, atazame moshi, breki na springi, maana njia zetu za mawe na mchanga huzimaliza. Namba ya chesisi ilingane na ya logibuku. Jina la mkopeshaji likionekana humo, tusitoe hata shilingi mpaka deni liishe.

Tena tusimalize akiba yote kwa kununua. Tubakize fedha za bima, mipira na spea. Gari lisilotembea ni banda la kuku.

Ndugu, tushauriane kabla ya kulipa, si baada ya kulia.