Kutoka Wodini hadi Ofisi ya Mtaa



Dereva wa bodaboda aliyeumia kichwa Mbagala akifikishwa MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, anapokewa na mabingwa. Tangu 1996 taasisi hiyo inaokoa roho za watu, nami naitaja kwa heshima kubwa. Siku ya kuruhusiwa mgonjwa hupewa karatasi yenye tarehe ya kliniki. Jioni ya leo nataka tuzungumzie kinachofuata baada ya karatasi hiyo.

Nyumbani wanamwona anatembea, anakula, anaitikia salamu, wanamshukuru Mungu. Wiki chache baadaye wanaanza kushangaa. Hasira zinampanda ghafla, hela ya matumizi haijulikani ilikokwenda, sufuria imeungulia jikoni, na alichoambiwa asubuhi adhuhuri hakikumbuki. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuwezesha kupanga, kujizuia na kuanza jambo. Ikijeruhiwa, mwili unaweza kupona na mwenyewe asirejee kazini. Jirani atasema karogwa, mwingine atasema ni bangi.

Haki anazo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua ulemavu wenye sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Aliyeajiriwa akaumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Yupo pia afisa ustawi wa jamii, wa kumsaidia kupata msamaha wa matibabu.

Lakini tazameni njia ya kuzifikia: barua ya mtendaji wa mtaa, picha za pasipoti, fomu ya daktari, foleni, kisha "njoo Alhamisi". Kila hatua inadai kumbukumbu, subira na kujieleza, na vitu hivyo ndivyo alivyovipoteza barabarani. Alhamisi hatatokea, na faili litaandikwa kwamba mhusika hakufuatilia. Kosa hilo naliweka ofisini, simwekei yeye.

Ninachodai hakihitaji jengo jipya. Kabla mgonjwa hajatoka wodini, ustawi wa jamii wa hospitali ampigie simu mwenzake wa halmashauri, na faili liwe na jina la ndugu mmoja mwenye ruhusa ya kufuatilia kwa niaba yake. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao chuo cha KCMC kule Moshi kinawafundisha, wapangiwe kwenda majumbani: wabandike ratiba ukutani, waweke kengele ya dawa kwenye simu, wamzoeze kazi moja moja. Na afisa anapobisha hodi, asianze na mgonjwa. Kwa sasa huduma yote ya jamii tunayoizungumzia ni mke au mama yake. Amuulize yeye kwanza usiku analala saa ngapi, na nani humpokea akitaka kutoka.