Meli Huanzia Bara: Dilolo na Kumbukumbu ya Mwaka 1619



Mwezi Desemba 2024 Rais Joe Biden wa Marekani alizuru Angola. Tarehe 3 alizungumza Luanda, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Utumwa, akawakumbuka mateka wa Angola waliofikishwa Virginia mwaka 1619. Kesho yake alikuwa Lobito pamoja na marais wa Angola, Kongo na Zambia na makamu wa rais wa Tanzania, na mazungumzo yakawa ya reli inayopanda kutoka bandari ile, inavuka mpaka kuingia Kongo hapa Dilolo na kuendelea hadi Kolwezi. Siku ya kwanza ilichukuliwa kuwa ya historia, ya pili kuwa ya biashara. Mimi nashikilia kwamba habari ilikuwa moja. Meli iliyojenga koloni haikumbukwi kwa haki ikiwa simulizi lake linaanzia gati ilipotia nanga. Lazima lianzie bara, kwa watu walioilipia safari hiyo bila kuulizwa, na sisi wa Dilolo tuna sababu zetu za kulidai hilo.

Meli ya walowezi wa Kiingereza inayoimbwa kuliko zote ni Mayflower, iliyofika pwani ya Massachusetts mwaka 1620 ikiwa na abiria 102. Mwaka 1957 nakala yake iliundwa Uingereza na kuvushwa Atlantiki kwa matanga, na mwaka 2020 ikaadhimishwa miaka 400 ya safari ile. Lakini mwishoni mwa Agosti 1619 meli nyingine, White Lion, ilikuwa imekwisha kufika Point Comfort, katika koloni la Virginia ambalo Waingereza walilianzisha mwaka 1607. Nahodha wake, John Jope, alikuwa Mwingereza aliyeteka meli za maadui kwa kibali cha Waholanzi. Katika Ghuba ya Campeche yeye na wenzake wa meli Treasurer waliivamia meli ya Wareno, São João Bautista, iliyopakia mateka wapatao 350 Luanda ikielekea Veracruz. John Rolfe, mkulima wa tumbaku, aliandika kwamba Jope alishusha watu ishirini na kitu, wakabadilishwa kwa chakula. Siku chache baadaye Treasurer nayo ikafika.

Tazameni sasa orodha ya wakazi wa Virginia iliyoandikwa mapema mwaka 1625. Kwa mlowezi wa Kiingereza, mara nyingi karani aliandika jina, umri, meli iliyomleta na mwaka aliofika. Katika nyumba ya Kapteni William Peirce, mjini Jamestown, yumo mwanamke aliyeandikwa kwa jina linalosomwa leo kuwa Angela. Karani ameandika kwamba ni mwanamke mweusi na kwamba alikuja kwa Treasurer. Umri hakuna, wala mwaka. Na katika karatasi ile Treasurer ndiyo mwanzo wake, ilhali meli hiyo ilimpokea kwa nguvu baharini, akiwa ameshavushwa kutoka Luanda na meli nyingine, na kabla ya Luanda alikuwa na kwao. Wanahistoria wanaona kwamba wengi wa mateka wale walikuwa watu wa ufalme wa Ndongo, waliokamatwa katika vita vya gavana Luís Mendes de Vasconcelos na washirika wake Waimbangala mwaka 1618 na 1619. Angela ana bahati kuliko wenzake: wengine katika orodha ileile hawana hata jina.

Nitaambiwa kwamba abiria wa Mayflower hawakuwa wafanyabiashara ya watu. Ni kweli. Sehemu yao walikuwa Wakristo walioteswa kwao, karibu nusu ya abiria wote walikufa katika baridi ya kwanza, na ujasiri wao unastahili heshima. Sidai wanyang'anywe kumbukumbu yao. Lakini taifa lililokuja kuwachagua kuwa chanzo chake lilijengwa pia kwa tumbaku ya Virginia, na tumbaku hiyo ilikuja kulimwa kwa mikono ya Waafrika. Pingamizi la pili ni zito zaidi: Ndongo iko mbali na hapa, na hakuna ushahidi kwamba Mlunda au Mchokwe wa huku kwetu alikuwamo kati ya mateka wa mwaka 1619. Nakubali, na nisingependa mwanafunzi yeyote aseme vinginevyo. Ila biashara ile haikubaki pwani. Katika karne ya 18 mateka kutoka dola ya Lunda, iliyotawaliwa na Mwant Yav, walikuwa wakipitishwa ufalme wa Kasanje kuelekea Luanda. Njia iliyoanzia Ndongo ilirefuka hadi ikatufikia.

Na Dilolo ina kumbukumbu iliyo karibu zaidi. Mwaka 1927 Ubelgiji iliwapa Wareno sehemu ya ardhi ya Dilolo, takriban kilomita za mraba 3,500, ikapewa badala yake kama kilomita za mraba 3 karibu na Matadi, ili reli na bandari ya huko zipate nafasi. Vijiji vya bara vilibadilishiwa mtawala kwa ajili ya meli ambazo wanavijiji hawakuziona kamwe. Mwaka 1931 reli ya Robert Williams kutoka Lobito iliungana na reli ya Katanga, na shaba ikapata njia fupi ya bahari. Vita vya Angola viliifunga reli hiyo mwaka 1975, na manganizi ya Kisenge, hapa hapa katika teritwari ya Dilolo, ikakosa njia yake ya pwani. Mwaka 2023 upande wa Angola ulikabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 30.

Wapo watakaosema kuwa reli italeta kazi, na kwamba kuitaja pamoja na São João Bautista ni kuwatukana wanaohangaika kupata mkate. Sizilinganishi: mchimbaji wa kobalti Kolwezi si mateka wa Luanda. Ninachosema ni kwamba karani wa mwaka 1625 alituonyesha jinsi mtu anavyopotea katika hesabu ya shehena. Ili hilo lisirudiwe, chuo chetu kikusanye kumbukumbu za watu wa bara, na kianze na vijiji vya 1927. Wazee waliosimuliwa mambo hayo na wazazi wao bado wapo pande zote mbili za mpaka. Warekodiwe kwa Kilunda, Kichokwe na Kiswahili, majina ya vijiji na ya machifu yaandikwe, na nakala iwekwe hapa stesheni ya Dilolo na nyingine Lobito, bandarini, wanapopita mabaharia.