Salio Uliloahidiwa ni Deni



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha Ramadhani nyingine. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi wetu, mambo yanayobatilisha saumu mashekhe wetu wameshatueleza vizuri. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya simu. Naona wengine mnacheka, lakini nisikilizeni.

Mama mmoja jirani yetu, upande wa Koyonzo, alikwenda sokoni akakuta hema, muziki mkubwa na vijana waliovaa fulana za kampuni ya simu. Wakamwambia: mama, tupe hiyo simu yako ya zamani, ununue mpya, na sisi tutakuhesabia shilingi 1,500. Pesa hizo zitaingia kwenye laini yako kama salio baada ya siku 30. Akatoa simu, akalipa bei yote ya ile mpya. Siku 30 zikapita, zikafika 60, hakuna kitu. Akapiga huduma kwa wateja, akaambiwa simu yake ya zamani haimo katika kumbukumbu. Akaenda dukani Mumias, wakamwambia wale wa hema si wetu. Hema nalo lilishahama kitambo. Hesabu nauli ya bodaboda mara tatu, halafu uniambie ile 1,500 imebaki ngapi.

Kilichoniuma zaidi ni maneno aliyoambiwa na watu wa nyumbani: mama, umefunga, subiri, mwachie Mungu.

Jamani, subira si kuacha haki yako. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mtu mmoja alimdai Mtume (s.a.w.) ngamia, akasema naye kwa ukali. Maswahaba wakataka kumkabili. Mtume akawazuia, akawaeleza kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia aliye bora kuliko wake. Ikiwa aliyemdai Mtume wa Mwenyezi Mungu aliachwa aseme, mama wa Koyonzo atanyamazishwa na nani?

Tena tuelewe lile salio ni kitu gani. Si zawadi wala si bahati nasibu. Yeye ametoa simu yake, mali yake, nao wameipokea kwa thamani iliyotajwa na muda uliotajwa. Hilo ni deni. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni: liandikwe na liwe na mashahidi. Kwa hiyo kumwambia kijana wa hema "niandikie" si kumdhania vibaya. Ni kufuata amri.

Sasa nageukia nyinyi mnaofanya kazi katika hayo mahema, maana nawajua, wengine tumesoma madrasa moja. Kazi ni halali na kamisheni ni halali. Lakini bango linasema "hadi shilingi 3,000", nawe unajua simu iliyopasuka kioo hawatoi hata 500, na hilo husemi! Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umaji chini, akamkemea muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Yale masharti ya maandishi madogo chini ya karatasi ndio umaji wenyewe. Mama hakuijua kampuni, alikuamini wewe.

Kabla ya kuitoa simu yako, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, inakiliwe kwenye stakabadhi pamoja na thamani, tarehe na jina la wakala. Wakikataa kuandika, rudi na simu yako nyumbani. Na kwa aliyekwisha kukwama, lalamika kwa kampuni kwanza, kwa maandishi. Wasipokujibu, nenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo na ya kulipwa fidia, na iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Huko unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Yule mama hakupewa stakabadhi ya simu ya zamani, lakini kasha lake lilikuwa juu ya kabati, na namba imechapishwa pale. Juzi baada ya tarawehe tulimwandikia barua, nakala mbili, moja akabaki nayo igongwe muhuri. Majibu bado. Mwenye shida kama yake aje Jumamosi baada ya alasiri na karatasi zake, na kasha kama analo, tukae tuandike.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.