Nyumba za Bofa na Skuli Zake



Neno nililo nalo leo ni la ardhi na watoto. Sheria zake zimeandikwa kwa Kiingereza kizito, na kazi yangu ni kufasiri. Basi nitazieleza kama tunavyosema nyumbani.

Wengi wenu mwakumbuka siku ambazo magari yalivushwa hori ya Kilifi kwa feri. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991, na safari ya Mombasa ikawa nyepesi. Baadaye kikaja Chuo Kikuu cha Pwani, na mwaka 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi, Kilifi ikiwa makao makuu ya kaunti yetu. Katika hesabu ya mwaka 2009 kaunti ilikuwa na watu 1,109,735. Mwaka 2019 walikuwa 1,453,787. Watu hao hawana budi kulala mahali, na ndiyo sababu mashamba ya Bofa yanakatwa ploti, toka njia kuu hata ufukweni.

Sasa tazameni jinsi kazi ilivyogawanywa. Kwa Katiba ya mwaka 2010, mipango ya ardhi, nyumba na elimu ya chekechea ni juu ya kaunti. Skuli za msingi na za sekondari ni juu ya Serikali ya Taifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano yumo mikononi mwa kaunti. Akiingia gredi ya 1 amevuka mpaka, ijapokuwa hakutoka katika ua ule ule wa skuli! Tena tangu Januari 2023 gredi ya 7 na zinazofuata hata ya 9 zimewekwa katika skuli za msingi, hivyo ua mmoja wabeba miaka 11 ya masomo.

Hatari iko hapa. Anayetoa ruhusa ya kukata shamba siye anayetafuta walimu na madarasa. Mwenye shamba huleta ramani yake, ikakubaliwa, ploti zikauzwa moja moja. Na Wizara ya Elimu ikija kutafuta mahali pa skuli, hapana hata pembe iliyosalia, ila kwa kununua kwa bei ya pwani.

Tuchukue mfano. Shamba limekatwa likapata nyumba 300, na kila nyumba ina watoto wawili wa umri wa skuli. Hao ni watoto 600. Ukiwagawa katika miaka 11 hupata kama 55 kwa kila mwaka, ambao chumba kimoja hakiwatoshi. Vyatakiwa vyumba 22, na vyoo, na maji, na uwanja wa kuchezea. Mtu ataniambia kwamba nyumba nyingi za Bofa ni za mapumziko, wenyewe huja Desemba tu. Ni kweli. Lakini mlinzi wa nyumba hiyo, mpishi na mtunza bustani wako hapa mwaka mzima, nao wana watoto. Na watoto hao ndio watakaotembea mbali skuli ikikosa mahali.

Sheria haikukataza serikali hizi mbili kushirikiana; imeziamuru. Kifungu cha 6 cha Katiba chasema ziendeshe mambo yao kwa kushauriana na kusaidiana, na kifungu cha 189 chaziruhusu kuunda kamati za pamoja. Pia Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka Bodi ya Elimu katika kila kaunti. Ni maoni yangu kwamba kila ramani kubwa ya kukata ardhi ipite mbele ya bodi hiyo kabla ya kutiwa mhuri. Hiyo ni kazi ya barua moja na kikao kimoja.

Na kutenga ardhi hakutoshi ikiwa haina hati. Mnamo Januari 2015, watoto wa skuli ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walitoka kutetea uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta, wakatupiwa moshi wa kutoa machozi. Skuli ile ilikuwa katikati ya mji mkuu, machoni pa wote. Ploti ya skuli iliyomo vichakani Bofa, bila hati wala alama za mpaka, itatetewa na nani?

Basi sikilizeni lililo mikononi mwenu. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 yamtaka anayeomba ruhusa ya ujenzi awatangazie watu, nao wapewe nafasi ya kupinga. Mkiliona tangazo la namna hiyo, msilipite. Nendeni ofisi ya mipango ya kaunti mjini Kilifi, mwombe kuonyeshwa ramani, mkaulize: Ploti ya skuli ni ipi, ukubwa wake ni kiasi gani, na hati itaandikwa kwa jina la nani? Andikeni barua, mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, na nakala nyingine mpeleke kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti.